Alama ya ku Mugongo

Hapana, Papa Honoré, ile ni bongo, ni uongo. Tonton Faustin hakunipigaka hata siku moja. Hata kofi. Hata kidole ku sikio. Nilisema vile nikiwa nimesimama, assiette, sahani, mu mukono, mbele ya bantu bote benye balikuya ku kilio mu ile salle, ukumbi ya Koekelberg, hapa Belgique. Juu Papa Honoré, mwenye anaongozaka chorale yetu, alikuwa amekamata micro kusudi atoe ushuhuda juu ya marehemu, na ushuhuda yake njo ilikuwa hii: "Faustin alikuwa mwanaume. Huyu kijana munaona pale na costume, ni mukaba ya Faustin njo ilimunyoosha. Bazungu balitaka kumunyanganya mutoto, na yeye akabaambia mu macho: ni miye nilimupiga, ni mutoto yangu." Bapapa bakatikisa kichwa. Bamaman bakasema amen. Na kitu yenye ilinichoma zaidi ni kama alikuwa anamusifu. Alikuwa anamupenda, huyu muzee, alikuwa analia na micro mu mukono.

"Kaa chini, mwana," akaniambia. "Muntu akikufa tunasema mazuri yake."

"Ile haiko mazuri yake. Ile haikufanyika."

"Yeye mwenyewe alisema."

"Alisema, oui. Alisema bongo."

Maman Béa, mwenye tulikuwa naye ku table moja, akanivuta na koti mpaka nikakaa. Akanisogezea Fanta sawa vile unapatia mutoto mwenye ameanguka. "Weye damu yako inachemkaka mbio," akasema pole-pole. "Ukisema, unapiga bantu. Donc usiseme. Andika." Bon, ninaandika. Sikusomaka kuandika, kama vile sikusomaka kucheza hockey. Byote nilijifunza peke yangu, vibaya kwanza, na mwili njo ililipa. Tonton alikufa na moyo, mbio-mbio, asubuhi moja akiwa anafunga viatu vya kazi. Hakuniachia nafasi ya kusafisha jina yake akiwa anasikia. Basi musikie nyinyi.

Nilikuwa na seize ans, miaka kumi na sita, ilikuwa hiver, wakati ya baridi, ya 2008 kuingia 2009. Tulikuwa tunakaa babili tu, miye na Tonton, mujomba mwenye alinilea, kule Ganshoren, troisième étage, nyumba ya bantu benye banafungaka milango bila kelele. Mu dirisha ya cuisine ulikuwa unaona kichwa ya kijani ya Basilique, ile kanisa kubwa, na Tonton alikuwa anaiangaliaka akiwa anasonga bukari, ugali yetu, sawa vile ingemuambia kama imeiva. Alikuwa anafanya kazi mu maison de repos: kuosha bazee, kubageuza mu kitanda, kubavalisha soksi. Alikuwa anarudia quatre heures, saa kumi, anasikia harufu ya sabuni, na anaanza kupika na koti ingali ku mwili, juu alikuwa anasema akikaa kwanza hatasimama tena. Ni muntu mwenye akiona buibui mu douche, anaikamata na glasi na karatasi, anaishusha mpaka inje, escalier tatu, na pantoufles. Musahau byote lakini hii ya buibui mukumbuke.

Sheria yake ilikuwa fupi: masomo, kanisa, nyumba. "Bya ingine, ukiota ndevu." Samedi, jumamosi, trois heures, saa tisa ya mchana, nilikuwa na ruhusa moja tu, kwenda Matonge, quartier ya bantu ya kwetu, ku répétition ya chorale. Ule wakati bapapa bote ya kwetu balikuwa na ugonjwa moja: kuogopa babandes, bikundi ya vijana benye visu. Magaribi Tonton alikuwa anapiga simu na barafiki, na miye ku chambre yangu nilikuwa nasikia byote, ukuta ilikuwa ya karatasi. Mutoto ya fulani balimukata kisu karibu na metro. Mutoto ya fulani eko anauza bintu, mama yake anakonda. Anasikiliza, anasikitika, kisha anasema, na sauti yenye anaishusha kusudi isikuwe majivuno: "Wangu, Mungu asifiwe, eko ku chorale."

Na miye sikuwa ku chorale. Samedi trois heures nilikuwa ku patinoire, uwanja ya barafu, mwisho kabisa ya tram, ninavaa viatu vya kisu vya kaka ya Joris na soksi mara mbili juu bilikuwa bikubwa. Papa Honoré nilimuambia kama samedi Tonton anataka nirudilie masomo. Tonton nilimuambia kama Papa Honoré anatuchelewesha sana. Na babili balikuwa banakutana kila dimanche ku mulango ya kanisa. Lakini beye bazee banaanzaka salamu na bantu ya Lubumbashi, wenye kuzaa, wenye kuugua, wenye kufa, na mbele bafike ku Ganshoren, pasteur ameanza kuomba. Mwaka muzima hakuna mwenye alifika ku jina yangu.

Joris alikuwa wa mu classe yangu, Muflamand murefu, anasema français sawa muntu mwenye anachagua samaki ku soko. Alikuwa gardien, mulinzi ya goli mu équipe ya hockey. Siku ya kwanza alinipeleka juu alitaka muntu wa kumurushia palet. Palet ni kile kintu cheusi ya caoutchouc, ya mupira, mukubwa sawa kiganja, makasi sawa jiwe. Banaiweka mu congélateur, mu friji, mbele ya match kusudi isiruke-ruke. Kusimama ku glace, ku ile barafu, sikuweza. Nilijifunza na kushika ukuta, batoto ya miaka tano bananipita, bananiambia pardon monsieur. Hakuna mwenye alinifundisha. Nilikuwa ninaenda mu cyber ya Matonge kuangalia bavideo ya bantu ya Canada, kisha mu couloir, ule ujia ya nyumba, ninajaribu na soksi. Mu mwezi ya octobre défenseur moja, mulinzi ya équipe, akavunja mukono, na Joris akamuambia Monsieur Luc, coach: "Huyu hajui kucheza, lakini haogopi." Ile maneno ilinikamata. Hakuna muntu alikuwa amesema mbele ya bantu kama niko upande yake.

Donc nikatafuta kazi yenye haiombi talent. Kupiga na crosse, ile fimbo ya hockey, sikujua, kupitisha sikujua, kurudia nyuma nilikuwa naanguka sawa meza ya muguu tatu. Lakini kusimama mbele ya palet, kati ya mwenye anapiga na Joris, ile inaomba kichwa makasi tu. Tulikuwa ba mwisho mu classement, kila samedi bapalet binamunyeshea Joris sawa mvua, na miye nikasema basi: mwenye anataka kumupiga, atapita kwanza ku mwili yangu. Joris mwenyewe alikuwa anachoka na miye. "Ni nani gardien hapa," alikuwa ananiuliza mu vestiaire, pale tunavaliaka, "ni miye ao ni weye? Sioni kitu, ninaona tu matako yako." Bote banacheka. Miye ninacheka pia, na ninavaa sweat mbio-mbio kusudi basione mugongo.

Juu nilikuwa na kosa moja, kosa ya muntu mwenye alijifunza peke. Nilikuwa ninageuka. Palet ikitoka, kichwa inasema simama, na mwili inazunguka yenyewe. Monsieur Luc, plombier, fundi ya mabomba, mwenye alikuwa na sigara ku sikio na hakuiwashaka, aliniambia mara mingi: "Kila fois unageuka. Protection iko mbele: kifua, magoti, miguu. Nyuma hauko na kitu, uko uchi. Karibia mwenye anapiga, goti moja chini, crosse chini, mikono karibu, na umuangalie. Ukimuangalia itaumia kidogo. Ukigeuka itaumia sana." Nilikuwa nasema oui coach, na samedi yenye inafuata ninageuka. Plastron, kinga ya kifua, ya kaka ya Joris ilikuwa fupi tena, haifike ku mukaba. Basi bapalet bikaacha alama ya mviringo chini ya mugongo na nyuma ya mapaja, na bacrosse ya bantu ya adversaire, ya équipe ingine, zenye zinakukata nyuma ya miguu, zikaacha alama mirefu, mistari-mistari. Sikufikiri kitu. Kwangu ilikuwa sawa medali.

Mwezi ya février, cours ya gym, prof akaniambia nibadilishe T-shirt juu nilisahau ya masomo. Nikageuka ukuta, nikavua. Nyuma yangu prof akaniambia nisivae kwanza. Heure yenye ilifuata niko mu bureau ya assistante sociale ya masomo, mwenye anaangaliaka shida ya batoto, Madame Nadine, mwanamuke wa sauti ya pole, radiateur, ile chuma ya kuleta moto, inagonga ku ukuta, boîte ya mouchoirs ya kupanguza machozi tayari ku meza.

"Nani alikufanya vile?"

"Nilianguka."

"Mara ngapi?"

"Mara mingi."

"Na kila mara ku mugongo?"

"Nina bahati mubaya, Madame."

Ningesema hockey, ingeisha pale. Lakini nilikuwa nahesabu mu kichwa: nikisema hockey, anaita Tonton, akiita Tonton, chorale inavunjika, chorale ikivunjika, ile sauti yake ya ku simu, "wangu eko ku chorale", sitaisikia tena. Basi nikanyamaza sawa mupumbavu. Na Madame Nadine akafanya kile kila Madame Nadine muzuri anafanya. Akamuita.

Tonton akafika na blouse ya kazi chini ya koti. Miye balinikalisha mu couloir, lakini mulango haikufungwa muzuri. Nikasikia Madame anamuelezea mistari ku miguu, alama ku mugongo. Nikasikia anamuuliza kama anajua. Akamuuliza kama mutoto anatembea na nani samedi, kama kuna bantu anaogopa, juu ikiwa ni bantu ya inje itaomba kuita police. Radiateur njo ilikuwa inasema peke yake. Kisha sauti ya Tonton, ya chini, safi, français yake ya dimanche:

"Ni miye."

"Pardon?"

"Miye njo nilimupiga. Na mukaba. Mutoto eko na kichwa makasi, ku kwetu tunamurudisha mu njia. Ni miye, hakuna muntu ingine."

Miye nilikuwa mètre mbili. Mulango ilikuwa ya kusukuma na kidole. Miye mwenye nilikuwa ninajivuna kama hakuna palet itapita, nilikaa ku kiti, ninaangalia viatu vyangu. Niligeuka. Ile njo siku niligeuka kabisa.

Tulirudi na miguu, tukazunguka Basilique, yeye mbele, miye nyuma. Madame alikuwa amemuambia kama jeudi, alhamisi yenye inakuya, kutakuwa réunion, pengine nitaenda kulala kwengine mpaka baangalie maneno muzuri, na kama yeye, mwenye anagusa bantu bazaifu kila siku, itaomba amuambie chef wake. Kazi yake, nyumba yetu, byote ku meza moja. Tulipofika, akapasha sombe, majani ya muhogo, akanipatia kipande mukubwa ya samaki. Hatukukula. Miye nilikuwa na hasira, muniamini, hasira juu yake. Nilizania ni majivuno, nilizania alitaka kuonekana papa mwenye anatawala nyumba yake mbele ya muzungu. Nikasukuma assiette.

"Juu ya nini ulisema bongo?"

Akaosha mikono, akaipanguza kidole kwa kidole, sawa vile anafanyaka ku kazi.

"Ni bande gani?" akaniuliza.

"Bande?"

"Mwana, ninaosha bazee banane kila asubuhi. Alama ya kuanguka ninaijua, alama ya fimbo ninaijua. Nilikuona mwezi ya décembre, ukitoka mu douche. Kuna bantu banakupigaka na fimbo. Samedi unarudia na njaa, nywele iko na maji, na hauimbe hata mu douche. Hauko ku chorale. Ni bande gani?"

"Tangu décembre? Na haukuniuliza?"

"Nilikuwa ninaomba." Akakunja torchon, kitambaa ya kupangusia, mara mbili. "Na nilikuwa ninaogopa jibu."

Kisha akanielezea, pole-pole, sawa muntu mwenye amefanya hesabu yake muzuri. Akisema hajui, Madame anaita police. Police inatafuta, jina yangu inaingia mu karatasi, haitoke tena. Lakini papa mwenye amepiga mutoto, ile ni nini? Ku Lubumbashi directeur angemupatia mukono na kumuambia asante. Hapa batamugombeza, batamusignisha karatasi, itaisha. Sept ans, miaka saba mu Belgique, na ile siku alipima maneno na kilo ya kwetu. Alichukua kosa yenye alizania ni ndogo kusudi afunike yenye alizania ni kubwa. Sasa alikuwa ameona uso ya Madame, na alikuwa anaelewa kama alijikosea kilo. Lakini hakusema angeirudisha.

"Tonton," nikasema, "ni hockey."

"Hockey ni nini? Ni drogue?"

"Ni mupira. Ya ku glace."

"Mweusi ku glace."

"Oui."

"Na banakupiga na fimbo."

"Na fimbo kidogo tu. Zaidi ni palet. Lakini ile ni miye mwenyewe ninajitia mbele."

"Weye mwenyewe."

"Oui, Tonton."

"Afazali bande," akasema. Kisha akaketi, koti ingali ku mwili, akafunika uso na torchon, mabega ikaanza kutingizika, na mpaka leo sijui kama alikuwa anacheka ao analia.

Asubuhi nikaenda kwa Madame Nadine mbele ya kengele, nikamuambia byote. Hakuniamini. Batoto benye banapigwa, banatetea mwenye anabapiga, alikuwa amesoma vile, na hakukosea kusoma. Nikamuambia: basi ukuye samedi. Na akakuya. Nilipotoka ku glace nikabaona, yeye na Tonton, ku kiti za baridi nyuma ya vitre, ile kioo, nafasi moja wazi kati yabo. Tonton alivaa koti ya dimanche na alikuwa na couverture ya kitanda ku magoti na thermos ya chai. Akamimina kifuniko ya kwanza, akamupatia Madame. Ile tu.

Mu tiers ya mwisho, sehemu ya tatu ya match, tulikuwa tayari tumepoteza, na ba adversaire balikuwa na muntu moja mukubwa, anaendaka polepole na anapigaka sawa muntu anakata mti. Palet ikamufikia, akainua crosse. Kati yake na Joris nilikuwa miye. Nikasikia mwili inaanza kuzunguka, bega ya kushoto tayari. Na nyuma ya huyu mukubwa, mu vitre, nikaona couverture yetu ya nyumba. Nikafikiri kitu moja tu: nikigeuka, hii alama yenye inakuya itakuwa na jina ya Tonton. Nikamukaribia. Goti chini, crosse chini, mikono karibu. Nikamuangalia mu macho. Ikanikamata chini ya mukono, ku mbavu, pale hakuna kitu inalinda, na pumuzi ikatoka yote. Palet ikabaki mbele yangu inazunguka sawa sarafu. Joris akaitupa mbali, akanigonga casque, ile kofia ya kichwa, na crosse yake kubwa. "Mara hii nilikuona uso," akasema.

Tonton hakungojea vestiaire. Alikuwa mu couloir, ku ule musala ya caoutchouc yenye maji-maji, na Madame nyuma yake. Akanikalisha ku banc, akapandisha nguo, akaweka vidole mbili ku mbavu. "Pumua. Hapa? Na hapa? Tena." Sawa vile alikuwa anafanyaka na bazee yake, anashuka mbavu moja moja, macho imefunga kusudi asikie muzuri. Madame Nadine hakuangalia mbavu yangu. Alikuwa anaangalia mikono yake. Ninaamini mpaka leo ni ile mikono njo ilifunga dossier, haiko palet.

"Monsieur," akamuuliza, "juu ya nini uliniambia ile maneno?"

"Nilizania ni maneno kidogo, Madame," akasema Tonton, na akamupatia kifuniko ingine ya chai.

Ile magaribi akanikanda na maji ya moto na chumvi, anasukuma makasi sawa muntu mwenye anataka kulipiza. Jeudi réunion ikafanyika, Madame akasema mbele yabo, ikaisha. Akabaki na kazi yake, miye nikabaki na yeye. Samedi akiwa hana kazi alikuwa anakuya ku match na couverture, na kila palet ikitoka anafunga macho.

Lakini ku kanisa habari ilikuwa imefika, na ilifika nusu. Dimanche, Papa Honoré alimukamata mukono ku mulango: "Bravo, Faustin. Hivi njo kulea mutoto." Nikafungua kinywa. Tonton akanikanyaga muguu. Ku njia nikamuuliza kwa nini. "Nikielezea," akasema, "itaomba niseme pia kama ulibaongopea bote, chorale nzima. Acha. Ile ni yangu." Na akaibeba dix ans, miaka kumi. Bantu balikuwa banamuletea batoto yabo bakorofi kusudi abaogopeshe na mukaba, na yeye anabapikia samaki. Na miye? Miye mwenye damu inachemkaka, miye mwenye nilijua kusimama mbele ya kila kitu, nilirudi mu chorale, dimanche kwa dimanche, ninasikia bamaman banasema Faustin ni mukali, na ninafungua kitabu ya nyimbo, ninatafuta ukurasa. Nilisimama mbele yake siku yenye alikuwa mu sanduku.

Weye mwenye unasoma: mulango haikufungwa muzuri, na kule ndani banauliza ni nani alifanya. Ungesema ni weye?